Bei ya Maji Machafu kwa Kila Kichwa

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipogundua kwamba kuna nchi ambako mavi yanajengewa nyumba nzuri kuliko yetu. Samahani kwa neno. Mama hakutaka litamkwe karibu na chakula, lakini ofisini tulilitamka kwa Kifaransa kuanzia asubuhi hadi saa tisa alasiri, na kwa Kifaransa halikuwa na harufu hata kidogo.

Ofisi yetu ilikuwa Bukavu, katika nyumba ya zamani yenye madirisha yanayotazama ziwa. Ilikuwa miaka ya Zaïre. Tulikuwa watu wanne: chef, yaani mkuu wetu, injinia aliyesomea Ulaya, ambaye abacost yake, suti ya serikali isiyo na tai, ilipigwa pasi mpaka ungedhani inaweza kusimama bila yeye; vijana wawili wa kuzunguka mitaani na fomu; na mimi, mpiga taipu. Mbele ya wageni tuliitana citoyen na citoyenne, raia, kama serikali ilivyotaka. Wageni wakishaondoka, yeye alikuwa chef tu, nami nilikuwa "mutoto yetu", ingawa hakunizidi hata miaka kumi na mitano.

Kazi yetu ilikuwa kuandaa mpango wa mtambo wa kusafisha maji machafu. Kutoka kwenye nyumba kubwa za mtaa wa Muhumba lilishuka bomba la tangu ukoloni, likapita kwenye mteremko wetu na kumwaga ziwani. Miaka ilivyopita, nyumba ziliota kandokando yake, nyingine za matofali, nyingine za mbao, na kila mwenye nyumba akatafuta namna ya kulitumia. Yote yaliishia kwenye ghuba moja ndogo. Hatua chache kutoka hapo wanawake walichota maji. Mama yangu alikuwa mmoja wao, maana robine ya mtaa wetu ilitoa maji siku ilipojisikia.

Nina sababu ya kulikumbuka bomba lile kuliko nyumba tulizoishi. Mdogo wangu aliyenifuata alikunywa maji ya ghuba ile, akaharisha wiki moja ya mvua, akafa. Alikuwa na miaka minne, mimi saba. Nyumbani hatukumtaja. Mama alifunga nguo zake kwenye kitenge, akazipeleka kwao Mudaka, na jina lake likaenda na nguo. Kwa hiyo chef aliponiambia kwamba ofisi yetu inatafuta fedha za mtambo utakaokaa pale pale mdomoni pa bomba, sikumuuliza mshahara ni kiasi gani. Nililichukia bomba. Nilitaka kuwa pale siku litakapozibwa.

Fedha zingetoka kwa wazungu, na mzungu mmoja mtaalamu angekuja kuamua. Alikuwa ameandika sharti lake waziwazi: tumwonyeshe kwamba mtambo wetu, ukigawanywa kwa kila kichwa cha mtu utakayemhudumia, hautagharimu kupita kiasi ukilinganishwa na mitambo ya nchi nyingine. Ukizidi, angependekeza tuchimbe vyoo vya shimo, tumshukuru Mungu, basi. Chef aliletewa mafaili ya mitambo ya nchi sita. Yeye alikuwa na mikutano kila siku. Alinitazama nikisoma faili la kwanza kwa kuiba, nikiwa nimesahau hata kuweka karatasi kwenye mashine.

"Weye unapendaka kuuliza-uliza," aliniambia. "Sasa uliza hizi karatasi. Utanifanyia tableau, jedwali ya bei yote."

Hivyo ndivyo nilivyopewa dunia nzima kupitia mlango wa nyuma. Sijawahi kusoma kitu kitamu kama mafaili yale. Uswisi walikuwa wamefunika mtambo wao kwa paa, na kando yake, kwenye mchoro, palikuwa na maua na benchi. Nilimuuliza chef ni nani anayekwenda kukaa kwenye benchi lile, na anatazama nini. Alisema pengine mzee na mbwa wake. Ubelgiji ardhi yao ni tambarare, kwa hiyo maji machafu hayajui pa kwenda mpaka yasukumwe na pampu, na pampu zinakula umeme usiku na mchana. Nilicheka peke yangu. Bukavu hakuna kitu kisichojua kushuka. Kenya hawakuwa na paa wala benchi, walichimba mabwawa mapana na kuliachia jua kazi. Katika nchi moja ya Asia bwawa la mwisho lilikuwa na samaki, na samaki waliuzwa. Hilo sikumwambia mama.

Nilitaka kujua kwa nini bei zinapishana hivyo, na kadiri nilivyochimba ndivyo nilivyoona kwamba kila nchi imehesabu inavyopenda. Huyu ameweka bei ya kiwanja, yule kiwanja alipewa. Huyu ametia mishahara ya mainjinia, yule ametia hadi nyumba ya mkurugenzi na gereji yake. Nikawa nawavua nguo mmoja mmoja mpaka wabaki na mabwawa, mabomba na kuta tu, ndipo wasimame mstari mmoja.

Halafu kulikuwa na jambo la fedha zenyewe. Faranga za aina tatu, shilingi, rupia, na zaïre yetu, ambayo wakati ule ilikuwa inateremka mlima bila breki. Nikimaliza safu Jumanne, Ijumaa ilikuwa imekwisha kuwa uongo. Wiki nzima nilihesabu na kufuta. Kisha nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa mwalimu huko Shabunda, na nyumba yetu aliijenga kwa mifuko ya saruji. Hakutuma fedha, maana alijua zitakufa njiani. Alimpa mshahara wake mfanyabiashara wa Bukavu aliyemwamini, na mfanyabiashara akatuletea mfuko. Nyumbani tulikuwa tukisema: jikoni ni mifuko minane, ukuta wa mbele ni kumi na miwili. Mfuko haukushuka thamani kama noti. Basi nikamwambia chef: tutafute bei ya mfuko mmoja wa saruji katika kila nchi, tugawanye bei ya mtambo kwa bei ya mfuko, tuone kila mtambo ni mifuko mingapi.

Chef alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akavuta kiti.

"Nani alikufundisha hii?"

"Papa yangu. Iko mwalimu wa Shabunda."

"Mwambie anitafutie kazi," alisema, na siku ile ile akaanza kuwaandikia marafiki zake aliosoma nao. Majibu yalikuja polepole, mengine baada ya mwezi. Rafiki yake wa Uswisi aliuliza kama chef ameacha uinjinia na kuwa fundi mwashi. Lakini bei ya mfuko aliiandika.

Jedwali likakamilika. Nilibakiza safu moja tu, ile ya mwisho: mifuko kwa kila kichwa. Uswisi, kwa mtu mmoja, walitumia saruji ya kutosha kujenga jikoni yetu na kubakisha. Ubelgiji walifuata kwa karibu. Kenya walikuwa wadogo kabisa. Sisi nilituweka mwisho, kama mtu anavyoweka nyama pembeni ya sahani. Nilijua tutakuwa wa bei nafuu. Jua letu bure, mteremko wetu bure, hata kuchimba kulikuwa bure, maana kila Jumamosi watu wote walitoka na majembe kwa salongo, kazi ya lazima ya serikali, na chef alikwisha kuomba Jumamosi nyingi mfululizo.

Nikagawanya kwa jumla ya vichwa niliyopewa na vijana wetu. Tukawa juu ya Uswisi.

Nilirudia mara tatu. Chef akarudia mara mbili, amevua koti. Mteremko wetu, wenye nyumba za mbao na kuku wanaolala chini ya vitanda, ulikuwa na mtambo ghali kuliko ule wenye maua na benchi. Mzungu alikuwa anafika baada ya wiki mbili.

"Basi," chef alisema. "Itakuwa byoo bya shimo." Nami nilitaka kulia, na kwa kuwa sipendi kulia mbele ya watu, nikakasirika. Niliwakasirikia Waswisi, niliikasirikia saruji. Nikaondoka na bahasha ya fomu za vijana wetu chini ya kwapa ili niwe na kitu cha kugombana nacho.

Fomu zile walikuwa wamezijaza nyumba kwa nyumba. Swali la tatu lilisema kwa Kifaransa: idadi ya watu wanaoishi humu. Nilizipitia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyumbani. Nne. Tatu. Mbili. Tatu. Nikafika kwenye nyumba yetu. Tatu.

Nyumbani tulikuwa kumi na mmoja. Mama, bibi, tonton, yaani mjomba, mdogo wa mama, mimi, wadogo zangu watano, na binamu wawili kutoka Mudaka waliosoma shule mjini. Nikaingia jikoni na karatasi mkononi. Mama alikuwa anachambua maharage.

"Maman, bale bijana ba bureau yetu balipita hapa. Balikuuliza tuko bangapi?"

"Baliuliza."

"Ukasema nini?"

"Nikasema mimi, mama muzee, na tonton yako."

"Na siye?"

Aliniangalia kama nimemuuliza kwa nini havui nguo barabarani. "Batoto banahesabiwaka? Tunahesabuka mbuzi. Weye uko mbuzi?"

Nikakaa chini kwenye kigoda. Nilikuwa nimelijua jambo hilo tangu nazaliwa. Kwetu mtoto hasontwi kidole na kutajwa kwa namba, kwa sababu anayehesabu anamwonyesha mwizi kilichomo. Bibi alikuwa ananipiga mkono nikiwahesabu wadogo zangu walivyojipanga kunawa. Na wazee walikumbuka vilevile kwamba kila mara serikali ilipokuja kuhesabu vichwa, kodi ilikuja nyuma yake. Mimi nililijua, chef alilijua, vijana wawili walilijua. Lakini swali lilipoandikwa kwa Kifaransa kwenye karatasi yenye mistari, sote wanne tukasahau tulikozaliwa. Na mimi, mwanamke mzima mwenye mshahara, kwa mama nilikuwa bado miongoni mwa wasiohesabiwa. Sijui kama nilifurahi au niliudhika.

Asubuhi yake nilimwekea chef fomu moja mbele ya kahawa yake. Nyumba yao ilikuwa juu ya mteremko, nayo ilikuwa kwenye mpango.

"Chef, ku fomu ya nyumba yenu baliandika mbili."

Aliisoma. Alikuwa na watoto saba, na wote walikuja ofisini siku za mvua kusubiri gari. Alitazama dari, mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akalazimika kufuta miwani.

"Muke yangu ana diplome," alisema. "Diplome kabisa." Kisha akawa mtu wa kazi tena. "Tutafanya namna gani? Ukirudia kuuliza, watajibu vilevile."

"Sitauliza batu," nilisema. "Nitauliza unga."

Hii nilikuwa nimeifikiria usiku kucha. Mama hakuhesabu watoto, lakini kila jioni, maji yalipochemka, alitia unga wa bugali kwa konzi, ngumi moja ya unga kwa tumbo moja, wala hakuwahi kukosea. Jumamosi ilipofika, wanawake wote wa mteremko walikuwa kwenye salongo wakizibua mtaro, nami nikaingia kati yao na jembe langu. Sikubeba karatasi. Niliwauliza wanavyopima unga wa jioni, kama msichana anayekaribia kuolewa na hajui kupika. Kila mmoja alitaka kunifundisha. Mmoja alitumia konzi kama mama. Mwingine alitumia kopo la maziwa, na kopo lake lilishibisha watu wawili, "lakini kama iko batoto, batatu". Mwingine alikuwa na kikombe kisicho na mkono, urithi wa mama mkwe. Ikawa kama faranga na shilingi tena: ilinibidi nijue kila kipimo kinalisha matumbo mangapi kabla ya kuviweka mstari mmoja. Walinicheka sana. Mmoja alisema mume wangu atakuwa mtu mnene kuliko gavana. Wiki nzima nilizunguka nyumba zilizobaki, nikirudi ofisini kila siku na mikono yenye unga kweli, maana wengine hawakuamini maneno, walitaka nipime mbele yao.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yetu. Niliifanya ya mwisho kwa uvivu, nikijua jibu. Jumamosi ya pili jioni nilisimama nyuma ya mama, nikatazama mkono wake ukiingia kwenye mfuko wa unga na kutoka. Nilihesabu kimya. Kumi na mbili.

"Maman, tuko kumi na moja."

"Usihesabu."

"Hiyo ya mwisho iko ya mugeni?"

"Mugeni akikuja, anakulaka yangu." Alikuwa anasonga, na bugali ikishaanza kushika haisubiri mtu. Alisonga mpaka ikaiva, akaigeuza kwenye sahani, akaipiga mgongo kwa mwiko uliolowa. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Ile iko ya ndugu yako."

Sikuuliza ndugu yupi. Miaka kumi na mitano alikuwa akimtilia konzi yake kila jioni, na kila asubuhi kipande cha bugali kilibaki kwenye sahani, kimefunikwa. Kiporo kile nilikila mimi. Mimi ndiye niliyetoka mapema, kwanza kwenda shule, halafu kazini, nami nilikimega kwa chai ya moto nikidhani ni makombo ya wadogo zangu.

Jumapili baada ya misa nilikwenda ofisini peke yangu, kwa ufunguo wa chef, nikapiga jedwali upya. Nyumba kwa nyumba, unga ukawa watu. Nilipofika kwenye yetu niliweka vidole juu ya mashine, nikafikiria. Ningeweza kuandika kumi na moja, ambayo ndiyo ilikuwa kweli ya ofisi. Niliandika kumi na mbili. Nilimwona aliyekufa kwa maji yale ana haki zaidi ya kuhesabiwa katika mtambo wa kuyasafisha kuliko mimi niliyepona. Nikajumlisha, nikagawanya. Tulishuka chini ya Uswisi, chini ya Ubelgiji, tukakaa jirani na Kenya.

Mzungu alikuja akiwa na mafua. Alisoma jedwali kwa makini, akaipenda mifuko ya saruji, akaniuliza mimi mwenyewe, si chef, idadi ya watu tumeipata kwa njia gani. Nikasema: kwa unga. Akauliza unga gani. Chef alimweleza kwa Kifaransa kirefu kilichonishinda, na mzungu akaandika kwenye daftari lake "uchunguzi wa chakula", akaupigia mstari chini. Alisema hajaona mtambo wenye hesabu safi kama hii. Alitupa mkono sote. Jioni hiyo nilishuka mpaka kwenye ghuba, nikasimama juu ya bomba kwa viatu vyangu vya kazini, na nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Tulingoja masika yakapita, tukangoja na kiangazi. Barua ilipokuja ilikuwa fupi. Ilisifu jedwali letu. Ilisema fungu la fedha la mwaka ule limepelekwa nchi nyingine, kwa sababu ambazo hazikuhusu bei. Chef aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Baada ya muda alihamishiwa mji mwingine, na mafaili sita yakaanza kuliwa na mchwa.

Siku ya barua nilirudi nyumbani, nikaenda moja kwa moja kulala. Mama aliniuliza asubuhi, ndoo tayari mkononi.

"Bale bazungu banasema nini?"

"Hawatajenga."

"Aya," alisema. Hakushangaa. Alikuwa ameshachota maji, ndoo ilikuwa imejaa. Aliiweka chini, akanimiminia chai. Sahani ilikuwa mezani, imefunikwa na sahani nyingine, kama kila asubuhi. Niliifunua. Nikaifunika tena.

"Kula," mama alisema.

"Sina njaa."

"Kula, mutoto wangu. Hata zamani, ndugu yako alikuwa anakuachiaka."

Nikamega, nikala. Chai ilikuwa ya maji ya ghuba ile, ameyachemsha mara mbili.